Mita moja, milango mitano: shajara ya kubana matumizi, Busia

27 Aprili 2025, Jumapili

Naanza kuandika leo kwa sababu ya swali aliloniuliza jana bibi wa mlango wa pili. Alinishika mkono pale bombani akasema kwa sauti ya chini: "Mwanangu, elfu kumi ya umeme ya mwanzo wa mwezi ilileta yuniti 21. Elfu kumi ya wiki iliyopita imeleta 11. Zile kumi zimekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Jambo hili linaniuma kwa sababu pesa ya umeme ya ua mzima naishika mimi. Tuko milango mitano kwenye mita moja ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, hapa Busia upande wa Uganda. Kila mlango hunitumia fungu lake kwa simu, nami hununua tokeni na kuibonyeza kwenye mita. Zamani nilikuwa naenda kwa wakala kutoa fedha taslimu kwanza, tukawa tunalipa ada ya wakala na ile kodi ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa, bure tu. Siku hizi nanunua moja kwa moja kutoka kwenye simu. Hilo ndilo badiliko pekee nililokuwa nimelifanya mpaka leo.

Bibi hakunituhumu. Lakini alivyouliza, najua wengine wamekwisha kuuliza wao kwa wao.

Ndani kwetu nako hali ni ngumu. Mwezi huu wa nne tumelipa umeme 16,000, maji 18,000, makaa karibu 90,000. Mume wangu yuko kwenye malori, analipwa kwa safari, na safari zimepungua. Mimi ni fundi cherehani. Muhula wa pili unakuja na watoto ni watatu. Kwa hiyo mradi una mambo mawili: nimjibu Bibi kwa ushahidi, na nishushe gharama za nyumba bila watoto kulala na njaa.

4 Mei

Nimetoa risiti zote za mwezi wa nne kwenye simu nikaziandika kwenye daftari. Nilinunua mara nane, kila mara shilingi 10,000. Ya kwanza ilitoa yuniti 21.2. Tano zilizofuata zilitoa 11.2 kila moja. Ya saba ilitoa 18.2, ya nane 20.6. Jumla 116.

Nilikaa nazo usiku mzima na jibu likatoka. Yuniti haina bei moja. Yuniti 15 za kwanza za kila mwezi ni shilingi 250, hiyo ndiyo bei iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa hali ya chini. Kuanzia ya 16 mpaka ya 80 ni bei kamili, ambayo robo hii ni 756 na senti kidogo. Kuanzia ya 81 mpaka ya 150 inashuka mpaka 412, bei iliyowekwa ili watu wapikie umeme na kuacha makaa. Ikipita 150 inarudi juu. Juu ya yote kuna VAT ya asilimia 18. Kila tarehe 1 hesabu inaanza upya.

Basi hakuna yuniti iliyopotea. Elfu kumi ya mwanzo ilikula zile 15 za bei rahisi, elfu kumi za katikati zikaangukia kwenye bei kamili, na za mwisho zikafika kwenye bei ya kupikia.

Lakini nilipoendelea kuhesabu nikaona jambo la pili, na hili ndilo zito. Zile 15 ni za mita, si za familia. Nyumba yenye mita yake inapata 15. Sisi familia tano tunapata hizohizo 15, yaani tatu kwa mlango. Nyumba yenye mita yake ikitumia yuniti 20 kwa mwezi italipa kama 8,900. Kwetu mwenye 20 analipa fungu sawa na wengine: 16,000.

Nilimwonyesha Bibi daftari. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Akasema, "Sasa nimeelewa zilikokwenda. Lakini mimi nina balbu mbili na redio. Kwa nini nalipa sawa na mwenye friji?"

Hilo nalo sikuwa na jibu lake.

11 Mei

Leo jioni nimefanya kazi niliyojifunza kwa fundi umeme mmoja sokoni. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh. Maana yake taa yake nyekundu ikimweka mara 1,000, yuniti moja imekwisha. Niliwaomba milango yote wazime kila kitu kwa saa moja, tukawa tunawasha kimoja kimoja na kuhesabu. Watoto wote wa ua walikusanyika kwenye mita, wanahesabu kwa sauti.

Pasi yangu: mimweko 10 kwa sekunde 36. Hiyo ni wati 1,000. Birika langu la umeme: mimweko 10 kwa sekunde 20, yaani wati 1,800. Friji ya kijana wa mlango wa tatu: mimweko 10 kwa dakika nne, wati 150. Televisheni ya mlango wa tano pamoja na kisimbuzi chake: dakika sita, kama wati 100. Balbu ya zamani ya mlango wa nne, ile ya waya wa kuwaka, ilimwekesha taa mara moja kila dakika. Balbu ya LED ya Bibi tuliingoja mmweko wake wa kwanza karibu dakika saba.

Hesabu si wati peke yake, ni wati mara saa. Friji haishtui kwenye mita lakini inafanya kazi usiku na mchana. Pasi inatisha lakini ni ya muda mfupi. Ila pasi yangu si ya muda mfupi. Napiga pasi nguo za wateja karibu kila usiku, na kila usiku naanza kuichemsha upya kutoka baridi. Kazi hiyo inanilipa mimi, na umeme wake unalipwa na milango mitano, Bibi akiwemo.

18 Mei

Tumekutana uani baada ya chakula cha mchana, milango yote mitano na Hajati mwenye nyumba. Nilisoma hesabu zote, pamoja na ile ya pasi yangu. Kijana wa friji aliposikia habari ya mita ndogo kwa kila mlango alinyamaza. Anauza maji baridi na juisi kwenye stendi ya malori, friji ndiyo shamba lake.

Kulikuwa na njia mbili. Kila mlango uombe mita yake ya Yaka, au tubaki na mita kubwa moja na kufunga mita ndogo za kusoma ndani. Njia ya kwanza ina waya, ukaguzi na maombi ambayo mpangaji hawezi kuyaanzisha bila mwenye nyumba. Hajati alisema wazi kwamba mwaka huu hawezi. Nilimwamkia vizuri, nikamwomba basi atusaidie na njia ya pili. Alifikiri kidogo, akasema atatoa 100,000 kwa sharti kwamba kazi ifanywe na fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme, si mtu wa kuunganisha waya gizani. Sharti hilo ni la haki. Nyumba ni yake, na sisi ndio tunaolala ndani.

31 Mei

Mita ndogo tano zimefungwa. Moja 45,000, jumla 225,000. Waya na vibanio 38,000. Fundi 60,000. Jumla 323,000. Ukiondoa ya Hajati zimebaki 223,000, kila mlango 44,600. Bibi alilipa kwa mafungu mawili. Zote zinasoma sifuri leo saa 12 jioni.

15 Juni

Wiki iliyopita ilikuwa Idi, Hajati alitugawia nyama milango yote, Waislamu na wasio Waislamu.

Nimepokea zamu yangu ya chama cha akina mama, nikanunua gunia zima la makaa kwa 85,000. Kwa muda mrefu nimekuwa nikinunua kwa ndoo ndogo, 3,000 kwa siku. Nikikumbuka mwaka juzi tulipokuwa na gunia, lilitufikisha siku 35. Kwa ndoo, siku 35 ni 105,000. Elfu ishirini zinapotea kwa sababu tu sina 85,000 kwa mkupuo. Mtu asiye na pesa analipa bei kubwa zaidi kwa kitu kilekile, na hilo naliona kwenye sabuni, kwenye mafuta, kwenye bando la intaneti, kila mahali.

Makaa hayakuwa ghali hivi. Rais Museveni alipopiga marufuku makaa ya biashara kutoka Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile, Mei 2023, sisi tulioko mjini tulisikia kwenye gunia. Simlaumu mtu anayetaka miti ibaki. Nimepita barabara za kule na mume wangu, nimeona mashina yaliyobaki. Lakini jiko langu nalo linataka kuwaka.

Kuanzia leo naandika tarehe gunia lilipofunguliwa.

1 Julai

Tumesoma mita asubuhi, watu wote wakiangalia. Mlango wangu 26. Bibi 9. Kijana wa friji 44. Mlango wa nne 14. Mlango wa tano 19. Jumla 112, tulizolipia 77,983. Yuniti moja imetoka kwa wastani wa shilingi 696.

Kwa mgao wa zamani kila mtu angelipa karibu 15,600. Kwa mgao mpya mimi nalipa 18,100. Bibi 6,270. Kijana 30,640. Mlango wa nne 9,750, wa tano 13,230.

Kijana aliruka. "Dada, mmeniua." Nilitarajia maneno makali, lakini alichukua daftari akaketi nalo kwenye kizingiti, na baada ya robo saa akarudi na hoja ambayo mimi sikuwa nimeiona. Alisema: bila yuniti zangu 44 ninyi mngetumia 68, msingefika hata 80, na bei ya 412 msingeionja. Tulihesabu pamoja. Ni kweli. Yuniti 68 zingegharimu kama 51,700, wastani wa 760 kwa yuniti. Friji yake ndiyo iliyotushushia wastani mpaka 696. Bibi angelipa 6,845, si 6,270.

Kuna aliyependekeza zile 15 za shilingi 250 zigawanywe tatu kwa kila mlango, kisha zilizobaki zihesabiwe kwa matumizi. Ingemsaidia Bibi, lakini ingemwongezea kijana mzigo, naye ndiye anayetufikisha kwenye bei ya kupikia. Tulizungumza mpaka saa nne. Mwisho tumekubaliana wastani mmoja kwa wote, kila mtu alipe yuniti zake. Bibi ndiye aliyefunga mjadala: "Nimeshuka kutoka elfu kumi na sita mpaka sita. Msinitafutie ugomvi na mtoto wa watu."

Mimi ndiye niliyepanda. Kwa hiyo kazi ya kubana sasa ni yangu kweli.

13 Julai

Birika la umeme nimelifunga kwenye sanduku. Chai ya asubuhi nachemsha kwenye makaa ya uji na kuijaza kwenye chupa.

Pasi nimeigawa. Nguo nyingi sasa nazikusanya na kuzipiga mara mbili kwa wiki, pasi ikishika moto haipoi mpaka nimalize. Na nimetoa pasi ya makaa ya marehemu mama, ile yenye jogoo. Chakula cha usiku kikishaiva huwa kunabaki makaa mekundu ambayo zamani niliyaacha yafe jikoni. Sasa yanaingia kwenye pasi na kunitosha suruali nne. Unatakiwa kuwa na kitambaa chenye maji karibu na kupuliza majivu upande wa mbali na nguo. Fundi yeyote wa umri wangu anaijua kazi hii, tuliiacha tu.

Kijana naye amekagua friji. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika chini, ukiweka karatasi na kufunga inachomoka yenyewe. Amenunua mpira mpya kwa 25,000 na ameisogeza mbali na ukuta.

Maharage ndiyo yaliyokuwa yakila makaa yangu. Tunakula posho (ugali) na maharage siku nne kwa wiki, siku nyingine mukene, yaani dagaa, wa Majanji kule ziwani. Bila kuloweka, maharage makavu yalinichukua saa tatu. Nikiloweka usiku kucha ni saa moja na nusu. Kisha nimetengeneza kapu la kupikia: kapu kubwa la sokoni, nikalishindilia majani makavu ya mgomba pembeni na chini, katikati nikaacha shimo la sufuria, juu mto uliojazwa vipande vya nguo. Maharage yaliyolowekwa nayachemsha dakika 30 kwa nguvu, nafunika vizuri, naingiza sufuria kwenye kapu saa nne asubuhi, nakwenda kibandani. Saa nane yameiva na bado yanaunguza mkono. Mara ya kwanza yalitoka magumu kwa sababu niliweka sufuria isiyojaa nusu. Kitu kidogo hakishiki joto. Sasa napika ya siku mbili na jambo hilo limekwisha. Kabla ya kula siku ya pili nayachemsha tena mpaka yatokote, hasa kwa sababu ya mtoto mdogo.

Jiko nimebadilisha pia. Lile la bati tupu nimelitoa, nimenunua lenye udongo ndani. Unaliona tofauti kwa kuweka mkono ubavuni: la bati linaunguza, hili unaweza kuligusa.

20 Julai

Maji. Bomba la uani lilikuwa likidondosha, na tumelizoea sauti yake kama saa ya ukutani. Niliweka kikombe cha lita moja chini yake, kikajaa kwa nusu saa. Hiyo ni lita 48 kwa siku, lita 1,440 kwa mwezi. Yuniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na jerikeni 50, kwa hiyo kila mwezi tulikuwa tukilipia jerikeni 72 za kunywesha saruji. Kipira cha bomba kiligharimu 500. Mume wangu alikifunga kwa dakika kumi aliporudi safari.

1 Agosti

Mita zilivyosoma Julai: mimi 20, Bibi 9, kijana 34, mlango wa nne 14, wa tano 19. Jumla 96. Tumelipa 70,204.

Mimi nimelipa 14,630. Kijana ameshuka kutoka 30,640 mpaka 24,860, mpira wa 25,000 utakuwa umejilipa kabla ya Desemba. Nilidhani leo itakuwa siku ya furaha tupu. Bibi akanyanyua miwani: "Mwezi uliopita yuniti tisa zilikuwa 6,270. Mwezi huu yuniti tisa ni 6,580. Mimi nimefanya nini?"

Hajafanya kitu. Tumefanya sisi. Tulipobana, zilizoondoka ni zile za mwisho, za shilingi 412. Zile za bei kamili zote 65 bado tunazilipa, ila sasa zinagawanywa kwa yuniti chache zaidi, na wastani umepanda mpaka 731. Jumla ya ua imeshuka kwa karibu 7,800, lakini yeye ambaye hakuwa na cha kupunguza ameongezewa 310. Nilimweleza hivyohivyo bila kuficha. Tumekubaliana tofauti hiyo mimi na kijana tuifidie, 155 kila mmoja. Ni pesa ndogo, lakini aliuliza, na alikuwa na haki.

10 Agosti

Gunia limekwisha leo. Siku 56. Kwa mwezi wa siku 30 ni kama 45,500, wakati Aprili tulitumia 90,000. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu kabla ya kuiamini. Kwenye umeme, baada ya vikao na mita na mabishano yote, mlango wangu umeokoa kama 1,400 kwa mwezi. Kwenye makaa 44,500. Tulikuwa karibu kukosana kwa ajili ya umeme kwa sababu risiti inaandika kila kitu, na ndoo ya makaa haina risiti.

16 Agosti

Wifi amekuja kutoka Jinja na jiko lake la umeme la presha, amenikopesha kwa siku tatu. Kabla ya kuwasha, mita yangu ilisoma 55.3. Nusu kilo ya maharage makavu, hayakulowekwa, dakika 50. Mita 55.7. Yuniti 0.4, kwa wastani wetu wa sasa ni karibu shilingi 290. Makaa ya maharage peke yake, kabla ya kapu, yalikuwa kama ya 1,000.

Usiku nilirudi kwenye daftari. Bei ya kupikia inaanza yuniti ya 81. Mlango kama wangu, ukiwa na mita yake na yuniti 20, hautaifikia bei hiyo hata siku moja: kila chakula kingepikwa kwa bei kamili. Lakini ua wetu unafika 96 bila kupika. Kila yuniti tutakayoongeza kwa kupikia, mpaka ya 150, inaangukia kwenye 412, ambayo pamoja na VAT ni 486. Maharage yale yangegharimu shilingi 194. Na wastani wa wote utashuka, wa Bibi ukiwemo. Mita moja niliyoilalamikia mwezi wa tano kwa sababu ya zile 15, kwenye kupika inatufaa.

Nilimwamsha mume wangu nimwonyeshe. Alisikiliza mpaka mwisho.

31 Agosti

Kikao kifupi. Jiko kama la wifi ni 280,000 hapa mjini. Tumekubali kununua moja la ua mzima, likae kwa Bibi kwa sababu yeye yuko nyumbani mchana. Kila mlango utapika maharage au nyama kwa zamu, na mpishi atasoma mita ya Bibi kabla na baada ili yuniti zihamishiwe kwake. Milango minne itachanga 15,000 kwa mwezi. Bibi tulimwambia asitoe kitu, akakataa, ameweka 5,000 yake ya kwanza mezani leo. Kwa 65,000 kila mwezi tutakuwa tumefikisha bei yake ifikapo Januari.

Kesho ni tarehe 1. Bibi ameomba safari hii asome mita yeye, mimi niandike. Daftari amelala nalo.